Aliyesimama Nje ya Uzio

Ngaparinya
11 Februari 1996

Mwanangu Noelene,

Najua habari ulizipata vipandevipande kwa ile simu ya dukani. Laini ilikuwa inakatikakatika, na mimi mwenyewe nilikuwa siwezi kuunganisha maneno. Leo nimetulia kidogo, kwa hiyo nakuandikia uijue habari yenyewe kutoka kwangu kabla hujaisikia kwa wengine.

Ndugu yako alikuwa anarudi na wenzake kutoka kwenye mashindano ya mpira. Gari lilichemsha karibu na mpaka wa ranchi ya Garth Pellew. Wenzake walikuwa hoi, wakabaki wamelala garini, yeye akachukua dumu na kwenda kutafuta maji. Njia anaijua. Amefanya kazi pale misimu miwili ya kukusanya ng'ombe, na amekula kwenye meza ya jikoni kwa Pellew kama mtoto wa nyumbani. Ilikuwa alfajiri, mwanga ndio kwanza unaanza. Alipigwa risasi akiwa bado nje ya uzio, karibu na tangi la mafuta, na Pellew alipiga akiwa barazani kwake. Anasema alidhani ni wezi wa mafuta. Daktari ameniambia mtoto hakuteseka, na mimi nimeamua kumwamini.

Sasa jina lake limefungwa. Wewe hilo unalijua, lakini nalirudia kwa sababu huko mjini mtu hujisahau. Usilitaje na usiliandike. Ni Kunmanara tu, kama tunavyowaita wote waliotutangulia, mpaka miaka ipite. Yule fundi wa karakana mwenye jina kama lake naye sasa tunamwita Kunmanara. Mkewe amechanganyikiwa, kutwa nzima anamwita "wewe", "wewe", mpaka jana mume akamwuliza kwani wamegombana lini. Nilicheka kidogo. Nilishangaa kwamba bado najua kucheka.

Nyumba tumeihama. Tumeifagia na kuifukiza moshi wa majani, na picha zake zote zimewekwa mbali. Tuko kambi ya msiba upande wa mashariki, tumejikinga upepo kwa mabati na matawi, wanawake wote tumelala blanketi kwa blanketi na mbwa wametufuata. Nywele nimekata.

Polisi walikuja. Waliniuliza kama alikuwa mlevi. Nikasema hapana. Wakaandika kitu, wakaniuliza tena.

Usiache masomo yako. Huku tupo wengi wa kulia, na ualimu wako nao tunauhitaji. Utakuja barabara ikikauka.

Mama yako mkubwa,
Maringka

*

Adelaide
26 Februari 1996

Mama Mkubwa,

Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Nilitaka kupanda basi siku ileile, lakini umesema nisiache masomo, basi nimekaa. Nakaa tu, Mama, sisomi chochote kinachoingia kichwani.

Huku Kunmanara yuko kila mahali. Nikienda dukani yuko kwenye meza ya magazeti, nikipanda tramu yuko kwenye magoti ya watu. Wameandika kwamba akiwa na miaka kumi na mitano alifikishwa mahakamani kwa kupanda gari la wizi. Hawakuandika kwamba lile gari aliliiba mtoto wa mwalimu na yeye alipewa lifti. Wameandika shule aliacha lini. Wameandika kwamba baba yake alikufa kwa pombe, kana kwamba Pellew aliyaona yote hayo akiwa barazani kwake alfajiri.

Halafu wameandika kwamba alisimama nje ya uzio muda mrefu "akivizia". Neno hilo limetoka kwa Pellew mwenyewe, na sasa kila mtu analo mdomoni.

Na Pellew je? Mfugaji wa miaka hamsini, baba wa watoto watatu. Basi, imeishia hapo. Tena hata kupiga hakupiga, eti risasi ilimpata kijana. Yaani risasi ilikuwa imetoka matembezini, wakakutana.

Kwenye redio watu wanapiga simu asubuhi yote. Mmoja aliuliza mtu mwema anatafuta nini kwenye ranchi ya watu saa hizo. Mtangazaji akasema hilo ni swali zuri. Hata darasani kwetu kuna msichana, si mbaya, hunipa daftari lake ninapokosa vipindi, alinishika mkono kwa huruma kabisa akaniuliza kama ndugu yangu alikuwa amelewa. Nilimwambia hapana, na nikajichukia kwa kumjibu.

Kuna mwandishi wa gazeti anaitwa Desmond Crewe. Amenipigia chuoni, anasema anataka kusikia upande wa familia. Ana sauti ya mtu mzima, hana haraka. Nafikiri nitaonana naye. Ni lazima mtu aseme Kunmanara alikuwa nani.

Mtoto wako,
Noelene

*

Ngaparinya
19 Machi 1996

Noelene,

Mwenye duka hapa, Mungu ambariki yule mzee, magazeti yote anayageuza uso chini tangu Januari ili tusikutane na picha. Lakini juzi kliniki ililetewa boksi la vikombe, na kila kikombe kimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Nesi alituita tumsaidie kufungua. Nilifungua kikombe changu cha kwanza nikamkuta mtoto wangu.

Wanawake walijifunika nyuso, wengine wakatoka nje wakilia upya kabisa kama siku ya kwanza. Nesi maskini alikuwa anaomba radhi hata hajui kosa lake ni nini.

Picha ile najua imetoka kwako. Hakuna mwingine mwenye nayo. Najua pia kwa nini uliitoa. Ni ile siku alipopata kangaruu wake mkubwa wa kwanza, akamletea babu yako mkia kabla hajakula yeye mwenyewe. Wewe au mimi tukiitazama ile picha tunaona kijana aliyeanza kulisha wazee. Hakuna picha yake nzuri kuliko hiyo, na mimi ningekuwa mtu wa kutoa picha ningetoa hiyohiyo.

Lakini babu yako hayumo gazetini. Kangaruu hayumo. Mkia haumo. Wamemkata pande zote, amebaki yeye na bunduki, anacheka.

Nimekuwa nawaza kuhusu hilo kuliko lile la kuonyesha uso wake. La uso umekosea na unajua, sitakusumbua. Hili lingine ndilo linanikosesha usingizi. Ulikwenda kumtetea, wakakushukuru, kisha wakaokota kwenye mikono yako kile walichokuwa wanakitaka.

Mwambie huyo Crewe sisi hatupendezwi.

Maringka

*

Adelaide
9 Aprili 1996

Bi Noelene,

Nimeipokea barua yako, na naomba usidhani nimechelewa kujibu kwa dharau. Nilikuwa natafuta jibu lisilo la uongo.

Picha ilikatwa na wenzangu wanaopanga picha gazetini, nafasi ilikuwa ndogo. Sikuwepo. Ningekuwepo sijui kama ningewazuia. Kwao ilikuwa picha ya kijana na bunduki, na kijana aliyepigwa risasi. Mzee na mnyama waliona ni mapambo. Nakuomba radhi, na naomba umfikishie mama yako mkubwa radhi hiyo.

Umeniuliza kwa nini tunaandika habari za ndugu yako tu. Umeniuliza kwa hasira na una haki, lakini nitakujibu kwa utulivu, kama mtu aliyeifanya kazi hii muda mrefu.

Kwanza, aliyekufa hawezi kutushtaki. Hiyo ndiyo sheria. Nikiandika neno moja baya kuhusu Bwana Pellew, wakili wake atanipigia kabla sijamaliza chai. Nikiandika kumi kuhusu ndugu yako, hakuna simu inayolia. Pili, polisi wanatupatia faili la marehemu upesi, na la aliyepiga wanasema bado linachunguzwa. Mwandishi anaandika alichonacho mezani. Tatu ni jambo ambalo hatulisemi ofisini. Msomaji wetu anapoamka na kusikia mtu kauawa kwa risasi, anataka kujua marehemu alifanya nini. Akiambiwa alifanya kitu, anapumua, kwa sababu yeye hakifanyi kitu hicho, basi hakitamkuta. Akiambiwa hakufanya kitu, analala vibaya. Gazeti halinunuliwi na mtu aliyelala vibaya.

Kwa hiyo tunamwuliza maswali mtu asiyeweza kujibu, na aliye hai tunamwacha apumzike. Nikiliandika hivi linanitia aibu, lakini umeniuliza.

Uchunguzi wa kifo utasikilizwa Alice Springs mwezi Agosti. Hapo Pellew ataapishwa, na lolote litakalosemwa mbele ya hakimu nina ruhusa ya kulichapa. Nitakuwepo.

Wako,
Desmond Crewe

*

Adelaide
14 Aprili 1996

Mama Mkubwa,

Naomba radhi. Nilidhani gazeti la Adelaide litaishia Adelaide. Sikuwaza vikombe.

Barua ya huyo mwandishi naiweka humuhumu ndani, isome mwenyewe. Mimi ilinitia hasira, kisha ikanitia nguvu. Anakiri kila kitu, halafu kesho anarudi kazini. Sawa. Lakini nimeelewa jambo moja, kwamba mwezi wa nane ndiyo nafasi yetu. Pale wanaandika kila kinachosemwa. Wakili wetu ameniambia hakimu akiridhika kwamba Pellew alikuwa na kosa, atalipeleka jalada kwa mwendesha mashtaka. Asiporidhika, imekwisha. Pellew atarudi kwenye ng'ombe wake, na Kunmanara atabaki kwenye makaratasi kama mwizi wa mafuta milele.

Basi nimepanga. Kocha wa mpira aje aseme Kunmanara hakuwahi kutolewa uwanjani hata mara moja. Mchungaji aseme nani alipaka rangi kanisa. Nesi aseme nani alikuwa anawabeba wazee kwenda kliniki. Na wewe, Mama, usimame useme alikuwa mtoto wa namna gani. Mama akisema, hakimu hawezi kuziba masikio. Najua mambo ya jina na ya kumzungumzia. Nakuomba tu mara hii moja, watu wa kwetu watakusamehe.

Nimalizie na jambo linalonisumbua. Hivi kweli kwa nini alisimama pale nje ya uzio muda wote ule? Kwa nini hakwenda tu mlangoni akagonga? Watatuuliza, na mimi sina jibu.

Noelene

*

Ngaparinya
5 Mei 1996

Mwanangu,

Barua ya mwandishi nimeisoma. Mtu mwenye adabu, sikutegemea. Nimemsomea na babu yako, akaniambia nisome tena pale pa aliyekufa hawezi kushtaki. Nilipomaliza akasema, "Kumbe na wao wana sheria juu ya waliokufa. Yao ni ya kuwasema." Akarudi kwenye chai yake.

Sasa mipango yako. Umepanga vizuri kama mwalimu, lakini mimi simo.

Usikasirike kwanza, nisikilize. Wiki iliyopita mbwa wa mzee Hector alimng'ata mjukuu wa Lulu mguuni. Kambi nzima ilikimbilia kwa mbwa. Mbwa wa nani, kafungwa au hajafungwa, ana kichaa au hana, amewahi kung'ata. Hector akatolewa nje na kusemwa mpaka kofia ikamwanguka. Hakuna hata mmoja aliyekaa chini kumchunguza yule mtoto kama ana heshima kwa wakubwa au anasoma vizuri. Na yule mtoto, kati yetu, ni mtundu kupita kiasi, wiki hiyohiyo alikuwa ametoboa tairi la mchungaji.

Ukimleta kocha aseme mema, wakili wa Pellew atamleta mwalimu mkuu aseme mabaya. Ukimleta mchungaji, yeye ataleta karatasi ya mahakama. Tutavutana hivyo siku nzima, na siku nzima atakuwa anazungumziwa mtoto wangu. Pellew atakaa pale pembeni kama mtu aliyekuja kusindikiza. Hata tukishinda, tutakuwa tumewakubalia kwamba kijana mbaya ni halali kupigwa risasi na kwamba shida ilikuwa tu kwamba wetu hakuwa mbaya. Mimi neno hilo silikubali. Angekuwa mwizi wa kweli, ningekuwa namlilia hivihivi.

Na lile swali lako la mwisho limenishangaza. Umekaa mjini mpaka umesahau mtu anavyokwenda kambini kwa mwenzake? Hatuendi moja kwa moja kama ng'ombe anayekwenda majini. Unasimama mbali, mahali pa kuonekana. Unaita. Unakaa unangoja. Mwenyewe anaweza kuwa amelala, anaweza kuwa hajavaa, ana mambo yake. Akiwa tayari anaitika, ndipo unapita. Nilimfundisha mimi mwenyewe kabla hajaota meno ya pili, na nilimchapa siku alipokimbilia moja kwa moja kwenye moto wa watu. Huko kwenu wanaita kuvizia, huku tunaita malezi.

Basi ukilijua hilo unajua na jambo jingine, ila sitaliandika. Nitakwenda Alice Springs na nina swali moja tu. Sisemi habari za mtoto wangu, njema wala mbaya.

Maringka

*

Adelaide
22 Juni 1996

Mama Mkubwa,

Nimejaribu kukuelewa na nimeshindwa. Hadithi ya mbwa inachekesha ukiwa Ngaparinya. Mahakamani watakuuliza juu ya mtoto wako, wewe utanyamaza, na wao wataandika "mama alikataa kujibu". Unajua watu huku watasema nini wakisoma hivyo? Watasema hata mama yake hakuwa na la kumtetea.

Hiyo adabu yetu ya kutomtaja ndiyo inayowasaidia wao. Wao wanasema, sisi tunanyamaza kwa heshima, basi neno lao ndilo linabaki peke yake. Umewahi kuwaza hilo?

Kuhusu kusimama nje ya uzio, umesema kweli, nilikuwa nimesahau. Nimeona aibu. Lakini hata ukieleza adabu yetu pale watasema ni desturi nzuri, asante, na kuendelea.

Agosti nina mafunzo ya kufundisha darasani. Ningeweza kuomba ruhusa. Sitaomba. Siwezi kuja kukaa benchi moja na nyinyi nikiangalia mnavyonyamaza wakati wanamzika mara ya pili. Nisamehe.

Noelene

*

Alice Springs
23 Agosti 1996

Bi Noelene,

Nakuandikia kwa haraka kutoka hotelini. Habari yangu nimeshaituma, na kesho utaiona. Kwa mara ya kwanza jina la Garth Pellew litakuwa kwenye ukurasa wa mbele, na uso wake, na maneno yake mwenyewe. Picha ya ndugu yako haimo. Mhariri aliitaka, nikamwambia kesi ya leo si yake, tukabishana, na mara hii nilishinda.

Sitakueleza yaliyotokea. Si yangu kukueleza. Subiri barua ya mama yako mkubwa. Nasema tu kwamba miezi yote hii nilikuwa na nafasi ya kuuliza swali alilouliza yeye, nikiwa nimekaa mkabala na Pellew jikoni kwake, na halikunijia akilini.

Crewe

*

Ngaparinya
30 Agosti 1996

Mwanangu Noelene,

Tumerudi jana, tumechoka, gari limejaa wanawake na mablanketi. Hasira zako nimezipokea na hazikunikaa. Ungekuwa huna hasira ningekuwa na wasiwasi nawe zaidi.

Siku ya kwanza alisimama Pellew. Amekonda. Walimuuliza juu ya wizi wa mafuta, akaeleza. Walimuuliza kama aliogopa, akasema aliogopa sana, wakamshukuru akarudi kukaa. Siku ya pili yote ilikuwa ya ndugu yako, ingawa walimwita "marehemu" tu, maana wakili wetu aliwaomba wasilitaje jina. Karatasi za mahakama, karatasi za shule, mtu wa baa aliyewahi kumwona siku fulani mwaka fulani. Wakili wetu alijibu, wao wakajibu. Ilikuwa kama nilivyokuambia, wanavutana naye huku na huku, na mkewe Pellew anafuma sweta.

Siku ya tatu wakaniita mimi. Wakili wa Pellew, kijana mpole tu, aliniuliza kama mwanangu alikuwa anakunywa. Nikanyamaza. Akauliza juu ya lile gari la wizi. Nikanyamaza. Akachukua ile picha anionyeshe, nikageuza uso. Aliinua mabega kumwonyesha hakimu kwamba mambo ndiyo hayo. Hakimu, mzee wa miwani, akaniambia taratibu kwamba ninapaswa kujibu na kwamba kimya changu kitaandikwa. Nilikukumbuka, nikajua maneno yatakavyokuwa gazetini.

Nikamwambia, "Mheshimiwa, kwetu aliyekufa hazungumziwi. Jana mlimzungumzia kutwa nzima na mimi nilivumilia, maana nyumba hii ni yenu. Lakini yule pale yuko hai. Aliye hai ndiye wa kuulizwa. Mimi nina swali moja kwake."

Yule kijana akasimama kupinga, eti shahidi hamwulizi shahidi mwenzake. Hakimu akasema ni kweli, shahidi haulizi, ila yeye angependa kujua swali lenyewe ni lipi.

Nikamweleza jinsi mtu anavyokwenda nyumbani kwa mwenzake. Kusimama, kuita, kungoja. Nikamwambia mwanangu hakuwahi kufika kwenye moto wa mtu bila kuita, na wote mnasema alisimama pale muda mrefu. Basi aliita. Nataka kujua aliita nini, na yule alimjibu nini.

Nadhani kila mtu mle ndani alikuwa anatafuta kwenye karatasi zake mahali swali hilo lilipoulizwa. Hakimu alifunua, akafunua, kisha akavua miwani na kumrudisha Pellew mbele.

Pellew alisema jenereta ilikuwa inawaka, hakusikia kitu. Hakimu akamwuliza kama huwa anawasha jenereta saa hizo. Pellew alitazama chini, kisha akanitazama mimi. Noelene, mtu yule alikaa motoni kwetu wiki nzima mwaka wa mafuriko, lori lake limezama, na unga wetu alikula. Sikumtazama kwa ubaya. Nilimtazama kama unavyomtazama mtu uliyemwuliza kitu, ukimsubiri.

Akasema, "Aliita."

Hakimu akamwuliza aliita nini. Akasema, "Alisema, 'Bosi, ni mimi,' akataja jina lake. Nikakaa kimya. Akaita tena."

"Ulimtambua?"

"Ndiyo."

"Ukamjibu nini?"

"Sikuitika," akasema. Sweta la mkewe lilianguka chini, na hakuliokota.

Alieleza mengine. Kwamba alikuwa ameshaamua moyoni kuwa ni yeye aliyewaonyesha wezi njia ya matangi, kwamba alikuwa na hasira tangu wiki ile, kwamba alitaka kumtisha tu. Labda. Hakimu alimzuia asiendelee kabla hajazungumza na wakili wake. Mchana akasema uchunguzi umesimama na jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka. Nje wale waandishi waliotukimbilia sisi asubuhi walikuwa wanamkimbilia yeye. Nilimwonea huruma kidogo, maana najua wanavyokuwa.

Na wewe ulisema kweli kwenye barua yako, nami nataka ujue hilo. Kimya chetu kilikuwa kinawasaidia. Nilikuwa nakifikiria kila siku njiani. Ila dawa yake haikuwa kumsema Kunmanara. Njoo likizo ya Desemba, tutaibishania vizuri tukiwa na chai.

Crewe aliandika yote, ameandika vizuri, lakini kuna jambo hakuliandika kwa sababu nilimwomba asiandike. Nakuambia wewe.

Hakimu alimtaka Pellew arudie maneno yaleyale, kama alivyoyasikia. Akayarudia, "Bosi, ni mimi," na jina akalitaja wazi. Wanawake wetu wote wakajifunika mablanketi vichwani. Babu yako akaziba masikio. Mimi sikuziba. Tangu Januari nilikuwa sijalisikia, na hapo nililisikia lilivyotoka kwake mwenyewe, amesimama nje na dumu lake, anaita kwa adabu niliyomfundisha, na mtu yupo ndani anamsikia na hamjibu.

Basi nikaitika mimi. Pale pale kitini, kwa sauti, mbele ya hakimu na watu wote, nikamwambia, "Nimekusikia, mwanangu. Pita."

Mama yako mkubwa,
Maringka